Ijara ya Mabasi Sitini na Mawili

Kila siku ya kazi, kabla hajavua koti wala kuagiza kahawa, Adib Khuraysat huchukua taarifa ya mwaka ya kampuni moja kutoka kwenye rundo lililo mezani kwake, huigeuza, na kuanza kuisoma kutoka kushoto. Vitabu hivi vya hesabu mjini Amman vina nyuso mbili. Ukifungua kulia unakuta Kiarabu, ukifungua kushoto unakuta Kiingereza, na lugha hizo mbili hukutana katikati ya kitabu kama wakwe wasiozoeana. Adib huanza na upande wa wageni. Akiumaliza hukigeuza kitabu, akausoma upande wa Kiarabu mstari kwa mstari, kidole kimoja kikiwa kimebaki kule alikotoka ili alinganishe.

Wenzake katika ofisi ya udalali wa hisa, mtaa wa Shmeisani, wamechoka kushangaa, sasa wanamtania tu, wakimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Baba Layth anachoma mkate wake pande zote mbili," husema mmoja.

"Mwache. Anaogopa kuna siku watachapa upande mmoja bila kuweka chumvi."

Adib hucheka pamoja nao, kicheko cha mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Hakuna anayejua kwamba desturi hiyo ina miaka sita tu, na kwamba kabla ya hapo, kwa miaka ishirini na mbili ya kazi, hakuwahi hata mara moja kufungua kitabu kwa kushoto. Nani husoma barua ileile mara mbili?

Ni mtu wa Salt, mji wa mawe ya manjano uliopanda vilima kama ngazi. Baba yake alikuwa mshona viatu. Mama yake alikufa mapema, na aliyemlea ni dada yake Intisar, aliyemzidi miaka saba. Intisar ndiye aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, na ndiye aliyeuza bangili zake mbili ili kaka aende chuo kikuu kusomea biashara. Habari ya bangili hizo hajawahi kuitaja. Adib ndiye anayeikumbuka, na siku hizi anaikumbuka zaidi ya anavyopenda.

Kazi yake ni kuchambua hisa. Watu wengi hudhani kazi hiyo ni kubashiri, kama kusoma masalia ya kahawa kwenye kikombe. Sivyo. Ni kuipima kampuni kama mnunuzi wa kondoo anavyopima: unapapasa mgongo chini ya manyoya ujue nyama ni kiasi gani. Unaangalia mali, unaangalia deni, unaangalia faida, kisha unajiuliza kama bei inayotajwa sokoni ni ya kondoo au ya manyoya.

Mwaka ule wa soko kupanda, manyoya yalikuwa mengi. Watu walikuwa wakiuza shamba la mizeituni wanunue hisa. Kinyozi wa Salt aliweka redio dukani isomayo bei, na mteja aliyenyolewa nusu alikuwa akisimama na povu shavuni kumpigia simu dalali. Wakati huohuo ilitokea Kampuni ya Mabasi ya Hudhud, yenye mabasi sitini na mawili mapya, meupe, yaliyochorwa ndege mwenye kishungi ubavuni, yakienda Irbid, Karak, Aqaba, na kuwapeleka mahujaji. Kila mtu aliyaona barabarani. Kila mtu alitaka kipande.

Adib alisoma taarifa yake ya mwaka. Mtaji wa wenyewe ulikuwa dinari milioni nane, deni milioni mbili. Kwa kila dinari ya wenye kampuni, deni lilikuwa robo tu. Kampuni nyepesi, safi. Kuhusu mabasi, maelezo namba kumi na tisa, upande wa Kiarabu, yalikuwa sentensi moja: kampuni hulipa ijara ya mabasi yake kwa mujibu wa mikataba iliyopo.

Ijara. Neno gani lisilo na madhara kama hilo? Adib mwenyewe alilisikia tangu utotoni, kila mwisho wa mwezi baba yake alipopeleka ijara ya kibanda cha viatu. Mtu aliyelipa ijara ya mwezi huu hadaiwi na mtu. Akichoka na kibanda anarudisha ufunguo na kwenda zake. Basi alilipita neno lile bila kusimama, akaandika karatasi mbili za uchambuzi, na chini akaweka neno moja: Nunua.

Karatasi zile zilitolewa nakala, na nakala zikatolewa nakala, mpaka moja ikabandikwa kwenye kioo cha kinyozi wa Salt, jina la Adib likiwa limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. "Mtoto wetu huyu," walisema watu.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya Jumatatu, mteja mmoja Mwingereza alipiga simu akiuliza habari ya maelezo namba kumi na tisa. Ile milioni kumi na moja, alisema, uliihesabu wapi? Adib alimwambia atampigia tena. Akakigeuza kitabu.

Upande wa Kiingereza maelezo namba kumi na tisa yalikuwa ukurasa mzima. Mabasi hayakuwa yamekodiwa kama kibanda cha viatu. Taasisi ya fedha ndiyo iliyoyanunua kwa matakwa ya kampuni, ikaikodishia kwa miaka sita, na mwisho wa miaka hiyo kampuni ingeyapata kwa dinari moja moja. Kabla ya hapo haikuruhusiwa kurudisha hata gurudumu. Ikikosa kulipa robo mwaka moja, mabasi yote huchukuliwa. Malipo yaliyobaki yalikuwa dinari milioni kumi na moja.

Hilo lilikuwa deni lililovaa kanzu ya kodi. Adib alichukua penseli. Kutoka kwenye zile kumi na moja alitoa faida ya mwenye fedha, zikabaki tisa. Akaziongeza kwenye mbili za mwanzo. Sasa mbele ya mtaji wa milioni nane kulikuwa na deni la milioni kumi na moja. Kondoo alikuwa manyoya matupu.

Alimpelekea mkuu wake, Bwana Fawwaz, hesabu hiyo pamoja na karatasi mpya ya kusahihisha. Bwana Fawwaz aliisoma akiwa amesimama.

"Baba Layth, soko linapanda."

"Naliona."

"Ukitoa karatasi ya pili leo, watu watasema kalamu yako haina mfupa. Na mimi wateja wangu watanila nyama. Subiri robo mwaka hii ipite. Wakilipa, yameisha, wewe umejisumbua bure."

"Na wasipolipa?"

"Ah, usilete uchuro ofisini asubuhi asubuhi."

Adib aliirudisha karatasi mezani kwake, akaitia kwenye droo. Angeweza kuitoa. Hakufungwa kamba. Hilo ndilo analojiambia kila siku kwa miaka sita: hakuna aliyemshika mkono. Na kesho yake, Jumanne, saa nne na dakika kumi, aliuza hisa zake mwenyewe elfu tatu za Hudhud, kwa dinari nne na kirsh sitini kila moja. Aliziuza kupitia kwa dalali mwingine, upande wa pili wa barabara.

Jumapili, juma la kazi lilipoanza na soko kufunguliwa, dada yake alipiga simu.

Mume wa Intisar, mwalimu wa hesabu, alikuwa amekufa majira ya baridi. Serikali ilikuwa imemlipa mjane kiinua mgongo, dinari elfu kumi na nne. Na mwanawe mkubwa, Yazan, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi, alikuwa amemwonyesha karatasi ya kwenye kioo cha kinyozi.

"Adib, huyu Yazan hanipi usingizi," alisema. "Mama nunua, mama nunua, mjomba mwenyewe kaandika. Nimeshika kalamu hapa, dalali ananisubiri. Niyanunue mabasi yako?"

Mezani kwa Adib droo yenye karatasi ile ilikuwa wazi kidogo.

"Soko ni soko, dada," alisema mwishowe. "Fanya unavyoona."

"Haya, Mungu akuweke," alisema Intisar kwa furaha, akakata simu.

Siku ile Adib alijiambia kwamba amemwonya. Siku hizi anajua kwamba maneno yale, mdomoni mwa kaka aliyesoma kwa bangili za dada yake, hayawezi kuwa onyo. Dada aliyasikia kama dua.

Robo mwaka ile Hudhud walilipa. Iliyofuata hawakulipa. Mabasi yote sitini na mawili yalipangwa kwenye uwanja wa taasisi ya fedha nje ya Zarqa, ndege wa kila ubavu akitazama kisogo cha mwenzake, na hisa ya dinari nne na ushei ikawa kirsh kumi na nane, kisha ikawa haitajwi tena.

Wiki ile Intisar aliteremka Amman kwa basi la watu wengine, amebeba sufuria ya maqluba, wali wa nyama wa kupinduliwa, iliyofungwa kwa taulo. Alimkuta kaka yake sebuleni. "Usijitese," alimwambia, akiipindua sufuria kwenye sinia na kuipigapiga chini kwa kijiko. "Tumepoteza wote. Wewe na umri wako, na watoto wanasoma! Kula, umekonda." Adib alikula. Akaongezwa sahani ya pili, akaila nayo. Juu ya kichwa chake mafundi walikuwa wakigonga paa la ghorofa mpya, lililolipiwa na hisa elfu tatu.

Aliyebebeshwa mzigo ni Yazan. "Mjomba wako kapoteza chake," mama yake alimwambia mbele ya jamaa. "Wewe umepoteza cha marehemu baba yako. Wewe ndiye uliyenishika mkono." Yazan alimaliza mtihani, akaenda Kuwait kutengeneza mitambo ya baridi, na kila mwezi akawa anatuma fedha. Mama yake alizipokea kupitia kwa binti yake, na simu ya mwanawe hakuishika. Miaka sita.

Binti huyo ndiye Dima. Alipomaliza shahada ya uhasibu, Irbid, mjomba wake alimtafutia nafasi ya miezi mitatu ofisini ajifunze. Ni msichana mkimya, mwenye miwani mikubwa, anayependa kuandika kuliko kusema. Hakuwa mtu wa kuuliza. Jambo lililomtatiza alilinukuu kwenye daftari, akalitafuta mwenyewe. Adib alimfundisha yote aliyoyajua, na kwa jambo moja alikuwa mkali kupita kiasi.

"Ukiona ijara, simama," alimwambia juma la kwanza. "Usipite. Tazama mkataba unaishia wapi. Kama mwenye kukodi hawezi kurudisha kitu, au mwishoni kitu ni chake kwa bei ya chai, hiyo si ijara. Ni deni. Toa faida ya mwenye fedha, kinachobaki kiongeze kwenye madeni ya kampuni, halafu ndipo uitazame hisa."

"Ndiyo, mjomba."

"Na usome pande zote mbili."

"Baba Layth, mwonee huruma mtoto wa dada yako," alisema mtu wa meza ya pili. "Atakuja kuolewa asome cheti cha ndoa kutoka kushoto!"

Dima alicheka kimyakimya, akaandika.

Ikafika Jumatano ya wiki hii. Ijumaa, wanaume wa ukoo watakwenda Irbid kumposea Yazan, ambaye amerudi kwa likizo ya siku kumi. Ni desturi kwamba msemaji wa msafara akipewa kahawa huiweka chini asiinywe, mpaka wenye binti waseme wamekubali. Msemaji aliyechaguliwa ni Adib. Yazan mwenyewe alimpigia. "Mjomba, baba sina. Wewe ndiye mkubwa wangu. Utaweka kikombe kwa niaba yangu." Adib alisema ndiyo, na tangu hapo kila kikombe cha kahawa anachoshika kinamshtua. Na Intisar amesema wazi: wanaume waende, yeye haendi, wala hatamlisha bibi harusi kitu kitamu kwa mkono wake kama mama mkwe afanyavyo. Familia ya binti imesikia, imeanza kunong'ona. Mama amemkasirikia mwanawe kiasi hiki, huenda kijana ana doa.

Saa tano asubuhi Dima alikuja mezani kwa mjomba wake, mashavu yamemwiva. Alikuwa ameshika kitabu cha zamani, kimechujuka rangi. Adib alikitambua kwa ndege wa jaladani.

"Nimekitoa stoo," alisema Dima, akizungumza haraka kama mtu aliyejizoeza njiani. "Nilitaka kujua tu. Miaka yote nasikia Hudhud, Hudhud, na sasa nimejifunza kazi. Mjomba, tazama. Upande wa Kiarabu sentensi moja. Upande wa Kiingereza ukurasa mzima! Nimefanya kama ulivyonifundisha. Nimetoa faida, zimebaki milioni tisa." Alikuwa amepata hesabu ileile, mpaka tarakimu ya mwisho. "Hakuna mtu wa Salt angeweza kujua. Hakuna! Watu walisoma Kiarabu."

"Umefanya vizuri," alisema Adib. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Mama anasema Yazan alikuwa msomi, angejua. Sasa leo namwonyesha. Lakini mama unamjua, maneno hayamwingii, anataka namba. Kwa hiyo nimemwandikia."

Aliweka mezani ukurasa aliouchana kwenye daftari. Juu kulikuwa na kichwa kilichopigiwa mstari kwa rula: Waliodanganywa na Neno Moja. Chini yake majina. Kinyozi wa Salt, elfu tatu. Mwalimu mwenzake marehemu baba, elfu tano. Mama, elfu kumi na nne. Kila jina lilikuwa na namba yake pembeni, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Mstari wa mwisho ulisema Mjomba Adib, na mbele yake palikuwa peupe.

"Akiona kwamba hata wewe," Dima alisema, "wewe ambaye hii ndiyo kazi yako, ulisoma hivyohivyo ukapotea, ataona aibu kumlaumu Yazan. Ijumaa atakuja. Namjua, atakuja, atavaa ile nguo yake ya tarizi."

Adib aliutazama ule weupe. Namba yoyote ingetosha. Elfu kumi na tatu na mia nane, kwa mfano. Hata haingekuwa uongo mzima, ni namba iliyopita mikononi mwake kweli. Dima angeiandika, Intisar angelia kidogo na kumsamehe mwanawe, naye angekwenda Irbid akaweke kikombe chini kama mtu mwenye heshima. Kila mtu angepata alichotaka. Miaka sita hakuwa amesema uongo hata mara moja juu ya jambo hili. Hakuna aliyemuuliza. Walijijibu wenyewe, naye aliacha jibu lao lisimame, na lilisimama vizuri tu mpaka leo.

Alimwona Intisar akipigapiga sufuria kwa kijiko. Kula, umekonda. Alimwona akishika kalamu, siku ile ya simu, akimsubiri kaka yake aseme neno. Na ndani ya karatasi hii, katika orodha ya waliodanganywa, jina lake lilikuwa limekaa kama mwizi aliyejipanga kwenye foleni ya walioibiwa.

Meza ya pili mtu alikuwa akibishana na simu. Mtu mwingine alicheka. Adib alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Kaa, mwanangu," alisema.

Dima alivuta kiti akaketi, akaulaza ukurasa juu ya goti lake. Alikuwa na haya kidogo. Katika familia yao watu hawaulizani mambo ya mifukoni, na mkubwa ndiye haulizwi kabisa. Aliishusha penseli mpaka ikagusa mahali palipoachwa wazi, na bila kuinua macho akauliza taratibu, kwa huruma, kama anavyoulizwa mgonjwa mahali panapomuuma:

"Mjomba, na wewe ulipoteza kiasi gani?"

"Sikupoteza hata kirsh moja. Nilikwishaujua upande wa pili, nikauza zangu Jumanne. Mama yako alinipigia simu Jumapili, nikamwacha anunue."